Kibali cha Kunasa Kanga

Kaptembwo, Nakuru
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa ndugu yangu mkubwa Kipkemei,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, pamoja na mama na wote wa hapo nyumbani Keringet. Mimi pia ni mzima, ila mgongo bado unanisumbua kwa ajili ya kuinua mawe. Goti la mama linaendeleaje? Jepkemei wa duka la mbolea ameniambia kwamba siku hizi anaenda kanisani na fimbo, na kwamba mtu akitaka kumshika mkono anamfukuza. Nilicheka, maana huyo ndiye mama. Niambie pia kama viazi vya shamba la juu mmeshavichimba, na kama baridi ya Januari haikuviunguza majani.

Barua hii nampa Jepkemei, anayerudi huko leo jioni, akupe mkononi, isipitie kwa mama. Nimemwomba akufuate hata shambani. Tafadhali isome ukiwa peke yako na uimalize. Jambo moja nalisema mapema. Kuna mzee anaitwa Kang'ethe. Atakuja Keringet kesho Jumatatu na pikapu nyeupe, akiwa na karatasi anayotaka uitie sahihi. Usiitie. Akisema mimi ndiye niliyemtuma, usiitie. Na hata akinipigia simu mbele yako, ukasikia sauti yangu nikikubembeleza, bado usiitie mpaka uwe umesoma hapa hadi mwisho.

Utauliza kwa nini sikupiga simu nikakueleza mwenyewe. Nimepiga mara tatu juma hili. Kila mara unashika simu na mzaha wako, unaniuliza kama nimepata mke ama bado nakula ugali mbichi, nami nacheka, halafu lile neno linarudi tumboni. Kwenye karatasi hakuna wa kunichekesha.

Sasa nianze mwanzo. Unajua tangu nifike Nakuru kazi yangu imekuwa machimboni, kukata mawe ya kujengea na kupakia lori. Mwaka jana mwezi wa kumi Kang'ethe alikuja kununua mawe. Ni mwalimu mstaafu, ana shamba upande wa Bahati, na kwa hesabu yangu ana miaka sabini ijapokuwa anaendesha gari kama kijana. Tukiwa tunapakia, kundi la kanga lilipita kwenye vichaka juu ya machimbo, nami bila kufikiri nikawaigia mlio wao kama tulivyokuwa tukifanya tukiwa wadogo. Wakasimama, wakageuka, wakaanza kuja. Mzee aliacha hata kuhesabu mawe. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nimekua kando ya msitu wa Mau, na kwamba kanga hakimbizwi, anazoezwa. Unamwaga mahindi mahali pamoja siku saba, unaweka wavu wazi bila kuufunga, mpaka auone kama kichaka tu. Siku ya nane unavuta kamba.

Kumbe mawe yale yalikuwa ya kujenga mabanda. Kang'ethe anataka kufuga kanga na kuuza mayai na vifaranga kwa mahoteli, na alitaka wazazi wa kwanza watoke porini kwa sababu wana nguvu. Lakini hutaweka wavu porini hivi hivi. Alinieleza kwamba hapa Kenya hakuna mtu anayepewa ruhusa ya kuwinda kwa ajili ya nyama. Kinachoweza kuombwa ni kibali cha kunasa ndege hai wa kufuga, wa aina fulani na idadi fulani, na jina la anayeshika wavu lazima liwe ndani ya kibali hicho. Alitaka hilo jina liwe langu.

Wenzangu machimboni waliponiona nikiandaa picha za pasipoti hawakunipa nafasi ya kupumua. Waliniita Bwana Nyama. Jerry, yule anayeendesha mashine ya kukata, aliniambia mbele ya watu wote, "Boss, leseni ikitoka usisahau paja la swala." Nilipomweleza ni ya kanga hai tu akashika kichwa: "Yaani mtu mzima unaomba serikali ruhusa ya kushika kuku mwenye madoadoa!" Walicheka mpaka msimamizi akaja. Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa nawaza ile nyumba. Maana Kang'ethe alikuwa ameahidi, kibali kikitoka, nitakuwa mlinzi na mtunzaji wa ndege kwa mshahara wa mwezi, na kuna nyumba ya vyumba viwili hapo shambani, ina saruji na dirisha linalofunguka. Kipkemei, nina miaka thelathini, na asubuhi nyingine siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Mgongo huu hauwezi kumaliza mwaka mwingine kwenye mawe.

Mambo waliyotaka kwenye ofisi ya wanyamapori ni mengi lakini si mabaya. Walitaka ramani ya shamba, picha za mabanda, barua ya chifu wa Bahati, kitambulisho changu, kisha mahojiano. Na walitaka cheti cha mwenendo mwema, kile kinachotolewa baada ya polisi kuchunguza alama za vidole. Kang'ethe alinisomea hilo la mwisho. Nilitaka kumwambia atafute mtu mwingine. Badala yake nikasema sawa mzee, hakuna shida.

Siku ya kuweka vidole, mhudumu, kijana mmoja mwenye mzaha, alishika mkono wangu akausukuma kwenye kioo na mashine ikakataa. Akafuta kioo, ikakataa tena. Akaniambia, "Boss, hivi ni vidole ama ni msasa? Mawe yamekumaliza." Nilicheka naye, na moyoni nikafurahi kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Niliamini Mungu ametumia yale machimbo kunifutia kila kitu. Kisha akachukua mafuta kwenye mkoba wake, akanipaka kidole kimoja kimoja kama mtoto, akaniambia nilegeze mkono. Mashine ikasoma vyote kumi.

Juma lililofuata nilihojiwa. Afisa ni mwanamke anayeitwa Natalie, hajafika miaka arobaini, anaongea polepole na anaandika kila kitu. Aliuliza kwa nini wavu na si tanzi. Nikamwambia tanzi linavunja mguu, na kanga aliyevunjika mguu hatagi. Akauliza nikinasa mama mwenye vifaranga nitafanyaje, nikasema namwachilia pale pale. Akauliza mwisho wa kunasa ni lini, nikasema kabla ya mvua ya Machi kushika, kwa sababu wakianza kutaga ni dhambi kuwagusa. Aliinua macho akatabasamu, akasema watu wenye digrii wamekuja hapo na hawajui hilo. Kang'ethe alinipiga teke chini ya meza kwa furaha. Halafu Natalie akauliza, kwa sauti ile ile, kama nimewahi kunasa au kuua mnyama yeyote wa porini bila ruhusa. Nikasema hapana, labda fuko kwenye viazi. Akaandika.

Jumatatu iliyopita tuliitwa tena. Safari hii hakutabasamu. Alikuwa na karatasi moja mbele yake. Alisema vidole ni vyangu bila wasiwasi wowote, lakini kuna kesi imetokea juu ya vidole hivyo, ya mwaka 2014, kukutwa na nyama na matanzi msituni, kifungo cha miezi sita. Na jina lililo kwenye kesi si langu la Weldon. Ni Kipkemei Kibii, na namba ya kitambulisho si yangu. Akaniuliza, huyu ni nani?

Ndugu yangu, mlango ulikuwa wazi. Kang'ethe alikuwa amekaa kando yangu ameshika kofia kwa mikono miwili. Nikafikiria ile nyumba, nikafikiria mgongo. Nikasema, "Ni ndugu yangu mkubwa. Ndiye aliyefungwa. Lazima vidole vilichanganyika."

Natalie aliweka kalamu chini. Akasema ndugu wanaweza kunyonya ziwa moja lakini vidole hawagawani. Hata hivyo akasema makosa ya maandishi yapo duniani, na yeye si wa kumhukumu mtu. Akataka wewe uje Nakuru Jumanne tarehe kumi na moja, saa tatu asubuhi, uweke vidole vyako na utoe maelezo. Mpaka hapo faili imesimama.

Tulipotoka nje Kang'ethe alinilaumu kwa jambo moja tu, kwamba sikumwambia mapema nina ndugu aliyefungwa. Si mtu mbaya, nataka ujue hilo. Anaamini nilichokisema. Ndiyo maana amekwenda kwa wakili akaandikiwa hati ya kiapo, inayosema kwamba wewe Kipkemei ndiye uliyekamatwa na kufungwa, na kwamba mimi sihusiki. Kwake yeye hiyo ni kweli tupu inayotafuta sahihi. Anataka uitie kesho, akulete mjini na gari lake, mlale kwake Bahati, asubuhi mfike ofisini. Anaharakisha kwa sababu mvua iko karibu.

Nami nakujua. Hutauliza maneno mengi. Utamwangalia huyo mzee na utauliza swali moja, kama Weldon atapata kazi. Akisema ndiyo, utatafuta kalamu. Utajiambia kwamba jina lako liliharibika zamani, basi heri likamfae mtu. Ulifanya hivyo darasa la sita, nilipochoma ghala la mwalimu mkuu na wewe ukalala chini kuchapwa. Hukuniuliza hata kama ni mimi.

Sasa nakuambia, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Yule aliyefungwa mwaka 2014 ni mimi.

Unakumbuka lile koti la nyumba, la kijani, lililokuwa la baba. Tulikuwa na koti moja zito, na aliyekuwa anatoka kwenye baridi ndiye aliyelivaa. Hakuna aliyeomba, lilitundikwa msumarini mlangoni. Asubuhi ile ya mwezi wa saba ulikuwa umetoka sokoni jana yake, na kitambulisho chako kilikuwa mfuko wa ndani. Mimi sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na changu kilikuwa hakijatoka. Nilivaa koti nikaingia msituni kuangalia matanzi yangu matatu ya waya. Moja lilikuwa limeshika paa. Nilikuwa nimembeba begani askari wa msitu waliponizunguka. Wakanipekua, wakatoa kitambulisho, mmoja akasoma kwa sauti, "Kipkemei Kibii." Akaangalia picha, akaniangalia. Unajua watu walivyokuwa wakituchanganya. Akauliza, ni wewe?

Nikasema ni mimi. Sikupanga. Niliogopa, na jina lilikuwa limeshatamkwa, nikaona rahisi kulivaa tu.

Huko Molo nilikiri kosa mbele ya hakimu kwa jina lako. Faini hatungeiweza, hivyo nikaenda ndani miezi sita. Kila asubuhi waliita Kipkemei nami nikaitika, mpaka nikazoea. Walinichukua vidole siku ya kwanza. Nyumbani nilikuwa nimepata mtu wa kuwaambia niko Kericho nachuma majani chai, na niliporudi nimekonda bila kitu mama aliilaani kampuni ya chai kwa mwezi mzima. Koti nililirudisha msumarini. Wewe uliingiza mkono mfukoni, ukasema labda kitambulisho kiliangukia sokoni, ukaenda kuandikisha kwamba kimepotea. Kilikuwa chooni, kule stendi ya Molo, nilipokitupa mimi.

Nilijiambia yamekwisha. Kisha ikaja 2017. Sijasahau hata kidogo siku ile ya kuandikisha askari. Ulikimbia ukamaliza wa nne kati ya watu zaidi ya mia mbili. Meno walikagua, miguu walikagua, ukapita. Mama alikuwa ameshachemsha maziwa. Halafu wakaita jina lako wakasema lina kesi, ukatolewa uwanjani mbele ya watu wote, na wengine wakapiga mluzi. Ulisema hujawahi kusimama kortini maisha yako yote. Ulikwenda mpaka Molo ukaonyeshwa faili, ukaona imeandikwa kwamba Kipkemei Kibii alikiri kosa mwenyewe. Ulirudi nyumbani na kukaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jua likazama, na mimi nilikuwa nakata kuni hatua kumi kutoka kwako. Ningeweza kusema hapo. Niliendelea kukata kuni. Mwezi uliofuata nikahamia Nakuru, mkaniaga na kuku.

Umeamini miaka yote hii kwamba ni Mburu, karani wa chifu, aliyeuza jina lako, kwa sababu makaratasi ya vitambulisho yalipitia kwake na kwa sababu mlikosana juu ya mbuzi. Sikukukanushia hata mara moja. Kuna siku uliniuliza kwa simu kama nami naona ni Mburu, nikasema mtu kama yule huwezi kujua. Mkewe alipofariki hukwenda kuzika. Mama alikwenda peke yake.

Jumatatu iliyopita, mbele ya Natalie, nilikuwa na nafasi ya kukurudishia jina lako bila hata kutafuta, limewekwa mezani, na nikakufunga nalo mara ya pili. Tangu hapo silali vizuri. Sikusema kitu kwa Kang'ethe kwa sababu nikimwambia yeye kwanza atakupigia simu kabla sijamaliza, na utaipata habari hii kutoka kwa mgeni. Na niseme ukweli wote, nilipoanza kuandika asubuhi hii bado nilikuwa nakitaka kile chumba chenye dirisha. Ndiyo maana nimekuonya kuhusu sauti yangu kwenye simu. Sijiamini bado mpaka Jepkemei aondoke na barua hii.

Jumanne saa tatu nitakuwa pale ofisini. Nitamwambia Natalie kwamba vidole ni vyangu na kesi ni yangu, na kwamba nilimdanganya mara mbili. Kibali hakitatoka, hilo najua. Pengine kutoka pale nitapelekwa kituoni kwa kusema uongo kortini kwa jina la mtu. Nimeshamwambia mwenye nyumba kwamba nisiporudi vitu vyangu ampe Jerry.

Nakuomba uje, lakini si kwa gari la Kang'ethe na si kwa ajili yangu. Njoo kwa sababu kinywa changu peke yake hakitoshi. Wakiweka vidole vyako kando ya vyangu wataona havifanani, na hapo ndipo jina lako litakapoanza kusafishwa. Umri wa kuandikwa askari umekupita, hilo siwezi kulirudisha. Usinitetee, Kipkemei. Wakikuuliza kama ulijua, sema hukujua. Ukitaka kukaa benchi la mbali nami, kaa. Ukitaka kunipiga, ningojee nje ya geti, kuna ukuta, hatutaonekana.

Mama usimwambie kwa simu. Mwambie wewe mwenyewe mkikaa jikoni, au uniachie mimi kama nitapata siku ya kufika. Akilia usimzuie, na akinilaani usimkatize.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani na wa kanisani. Mpe mama mkono wangu hata akiukataa. Na ukipita kwa Mburu, simama mlangoni kwake umsalimie. Mtu huyo hakukukosea kitu.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Weldon Kibii